NUKTA MOJA KATIKA DAMU
Mas'ala ya mtu anayejua na asiyesema

Twataka katika kijitabu hiki kusema juu ya mas'ala moja ambayo sisi watu wa Dar es Salaam, khasa wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, twaishi nayo majumbani wala hatuisemi barazani. Mas'ala yenyewe ni hii: mtu akiwa na jambo katika damu yake, si kwa kosa lake wala kwa kutaka kwake, na jambo hilo laweza kumfika mtoto wake likawa maradhi makubwa, je, yampasa alitafute alijue kabla ya kuoa? Na akiisha kulijua, yampasa aliseme kwa watu anaokwenda kuposa kwao, au ana haki ya kunyamaza?

Maradhi tunayoyakusudia ni selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli. Na mwenendo wake katika nyumba zetu mara nyingi ni huu. Mtoto huzaliwa mzima, mnene, watu wakamsifu. Apitapo miezi sita au zaidi, mikono na miguu humvimba, hulia usiku kucha, macho yakageuka manjano, na damu ikapungua. Hapo maneno huanza. Huyu husema ni jicho, kwa kuwa mtoto alisifiwa mno. Huyu husema ni jini wa upande wa mama. Na wa tatu, naye ndiye mbaya zaidi, humwendea mume kwa siri akamwambia: tumbo la mkeo halina kheri, angalia mwengine. Mtoto wa pili akifuata njia ile ile, talaka huandikwa. Mwanamke hurudi kwao na mtoto mgonjwa mkononi, na mwanamume huoa tena, hali moyo wake umetulia kwamba yeye hana lake katika mambo hayo.

Sisi twasema kwamba hukumu hiyo ni dhuluma, na dhuluma yake humdhihirikia kila atakayekubali kujifunza khabari ya kitu kilicho kidogo kuliko chembe ya vumbi. Basi twamwomba msomaji astahimili, tumweleze kwanza damu ni nini, kisha tuirudie hukumu.

DAMU NI NINI

Mtu asidhani kwamba kuichungua damu ni kazi isiyotuhusu. Ibn al-Nafis, aliyefariki mjini Kairo mwaka 1288, alikuwa tabibu mkubwa, na pamoja na utabibu alikuwa mwanachuoni wa fikihi katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu watu wa pwani. Yeye ndiye aliyeandika, kinyume cha waliyoyashika matabibu tangu zama za Galen wa Wayunani, kwamba damu haipenyi ukuta wa moyo kutoka upande huu kwenda upande huu, bali huenda mapafuni ikakutana na hewa, kisha ikarudi moyoni. Hakuona kwamba fikihi yamkataza kujua, wala kwamba kujua kwamtoa katika fikihi.

Aliyoijua Ibn al-Nafis ni njia ya damu. Asichoweza kukiona, kwa kuwa hadubini ilikuwa haijatengenezwa, ni vile visafirivyo ndani ya njia hiyo. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alitazama kipande cha gome kwa hadubini akaona vijumba vingi vimepangana, akavipa jina la vyumba vidogo. Na jina hilo ndilo tulitamkalo leo seli. Miaka michache baadaye Leeuwenhoek wa Uholanzi alizitazama chembe nyekundu za damu. Na katika karne ya 19 wataalamu wa Ujerumani, akiwamo Virchow, walithibitisha kwamba kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, na kwamba kila seli hutokana na seli iliyotangulia. Hivyo ndivyo ilivyo mchicha na mbuyu, papa na mtu.

Seli ina utando wa mafuta unaoizunguka, mfano wa ukuta wenye milango, na ndani yake mna majimaji, na katika majimaji hayo kazi hazisimami usiku na mchana. Sukari huchomwa ili kupata nguvu. Protini hufanya takriban kila kazi nyingine: hujenga, huchukua, hufungua, hufunga. Na protini yenyewe ni mfano wa tasbihi ndefu, punje zake ni vitu viitwavyo amino asidi, vya namna 20, navyo hutungwa kwa mpango maalumu. Mpango huo umeandikwa katika hati iliyohifadhiwa ndani ya kiini cha seli. Hati hiyo ndiyo iitwayo DNA, na umbo lake lilielezwa mwaka 1953. Imeandikwa kwa herufi 4 tu, na kila herufi 3 zikikaa pamoja huamrisha punje moja ya tasbihi.

Sasa tuitazame seli nyekundu ya damu. Sisi wa Kariakoo twapaswa kuifahamu upesi kuliko watu wengine, kwa sababu jina la mtaa wetu latokana na wapagazi. Katika vita vya 1914 hata 1918 Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na walipoutwaa mji huu mwaka 1916 waliwaweka wapagazi hao katika uwanja huu; watu wakalitamka jina kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Basi seli nyekundu ni mpagazi. Mzigo wake ni oksijeni, ambayo ni sehemu ya hewa tunayoivuta, na njia yake ni kutoka mapafuni kwenda kila ncha ya mwili. Ili apate nafasi ya mzigo, mpagazi huyu hukitoa hata kiini chake mwenyewe kabla hajaingia njiani. Kwa hiyo hawezi kuzaa wala kujitengeneza akichakaa. Huishi kiasi cha siku 120, kisha mwili humwondoa na kuweka mwengine. Katika mwili wa mtu mzima wapagazi hawa hukadiriwa kuwa trilioni 25, na kila mmoja amebeba kadiri ya himoglobini milioni 270.

Himoglobini ni ile protini nyekundu inayoshika oksijeni kwa madini ya chuma. Imefanywa kwa nyuzi 4: mbili za namna moja, zenye punje 141 kila uzi, na mbili za namna nyingine, zenye punje 146 kila uzi. Msomaji aishike hesabu hii ya 146, maana ndimo lilimo jambo letu.

NUKTA ILIYOGEUKA

Kila aliyesoma chuoni anajua nukta ni kitu gani. Andika neno rahma kwa herufi za Kiarabu, kisha weka nukta moja juu ya herufi yake ya kwanza: neno limekuwa zahma, yaani msongamano. Mwandishi hakuongeza neno wala hakuondoa neno. Nukta moja tu, na rehema imegeuka kuwa zahama.

Mfano wa hayo ndio uliotokea katika damu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mwenye selimundu si sawa na ya mtu mwengine, nayo ikawa mara ya kwanza kwa maradhi kujulikana kuwa asili yake ni umbo la molekuli moja. Kisha Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957, aliupata mahali penyewe ugeuko ule. Katika uzi wa punje 146, punje ya 6 peke yake ndiyo iliyobadilika: pale palipopaswa kuwa na glutamiki asidi pamekaa valini. Punje 145 zilizobaki ni zile zile. Na katika hati ya DNA sababu yake ni herufi moja tu iliyoshika mahali pa nyingine.

Je, punje moja yaweza kufanya nini? Glutamiki asidi hupatana na maji. Valini huyakimbia maji kama mafuta yanavyoyakimbia. Himoglobini iliyo na valini mahali hapo, inapokwisha kuutua mzigo wake wa oksijeni, hutafuta pa kujificha, ikashikamana na jirani yake, na jirani akashikamana na mwengine, mpaka zikawa kamba ndefu ngumu ndani ya seli. Seli iliyokuwa duara na laini huvutwa ikawa ndefu yenye kupinda, mfano wa mundu wa kukatia majani. Ndipo lilipotoka jina la selimundu.

Sasa mtu na aukumbuke ujia mwembamba wa Kariakoo mchana wa kuamkia sikukuu, mikokoteni imefuatana, mara mmoja wa mbele ukakwama ukakaa kiupande. Wa nyuma yake wote husimama, na duka la mwisho wa ujia halipati bidhaa. Mishipa myembamba ya mwili ni mwembamba hata seli nzima hupita kwa kujikunja. Seli iliyo ngumu haijikunji. Hukwama, nyuma yake damu ikasimama, na nyama iliyo mbele ikakosa pumzi. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku. Kisha seli hizo huvunjika mapema. Badala ya kuishi siku 120 huishi siku 10 hata 20. Basi damu hupungua, na rangi itokanayo na seli zilizovunjika huyageuza macho kuwa manjano. Hapana jini katika habari hii.

Na lile la jicho nalo lina jibu. Mtoto tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, ambayo uzi wenye nukta iliyogeuka haumo. Azaliwapo, himoglobini ile ya tumboni humlinda kwa miezi kadhaa, naye hunawiri kama watoto wengine. Lakini kidogo kidogo huondoka, na ile ya ukubwani ikashika mahali pake, na ndipo maradhi hujitokeza. Kwa hivyo mtoto hakubadilika kwa sababu jirani alimsifu. Alibadilika kwa sababu hati iliyoandikwa tangu siku ya kwanza ya mimba ilianza kusomwa.

NANI MWENYE KOSA

Kila mtu ana hati 2 za himoglobini hii: moja amepewa na baba yake, na moja amepewa na mama yake. Mwenye hati 2 salama hana la kuhofu. Mwenye hati moja salama na moja iliyogeuka huitwa mbebaji. Yeye kwa kawaida ni mzima, hufanya kazi, hufunga Ramadhani, huzeeka, wala hajui kuwa amebeba kitu. Mwenye hati 2 zilizogeuka ndiye mgonjwa.

Basi mume na mke wakiwa wote wawili ni wabebaji, katika kila mimba baba hutoa hati moja katika 2 zake, na mama hutoa moja katika 2 zake. Njia ni 4: katika njia moja mtoto hupata salama mbili, katika njia mbili hupata salama moja na iliyogeuka moja, akawa mbebaji kama wazazi wake, na katika njia moja hupata zilizogeuka zote mbili, akawa mgonjwa. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Aliyezaa mgonjwa mmoja asiseme kwamba deni limelipwa na watatu wafuatao watakuwa wazima, maana mimba haiikumbuki mimba iliyotangulia.

Enyi ndugu, itazameni hesabu hii kwa makini, kwani yaipindua hukumu ya barazani. Hapana mtoto wa nyumba hiyo aliyepata maradhi haya illa baba yake amempa nusu yake. Asiyeweza kumlaumu mtu kwa nusu yake mwenyewe, aweza vipi kumlaumu mkewe kwa nusu nyingine? Na hoja waliyoizoea watu, kwamba fulani alimwacha mke wa kwanza akaoa wa pili na watoto wa pili wakatoka wazima, hiyo si hoja. Yaonyesha tu kwamba mke wa pili huenda hana nukta ile. Na yule wa kwanza naye akiolewa na mtu mwenye hati salama mbili, atazaa wazima vile vile, kisha watu wakisema kwa kipimo chao wenyewe, watasema kosa lilikuwa la mume. Kweli ni kwamba halikuwa la mume wala la mke. Hapana mtu aliyeichagua herufi yake.

KWA NINI IKAWA KWETU

Kuna watu ambao wakisikia kwamba nukta hii hurithiwa, husema upesi: basi ni ukoo wenye laana, tusioe kwao. Hao nao wajifunze.

Anthony Allison, tabibu aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949. Akaona jambo la ajabu: watu wa pwani na watu wa kandokando ya Ziwa Nyanza walikuwa na wabebaji wengi, na watu wa nyanda za juu zenye baridi walikuwa nao wachache mno. Akajiuliza ni kitu gani kilichoko pwani na ziwani na kisichoko milimani. Jawabu lilikuwa mbu, na malaria aletayo. Mwaka 1954 alitoa khabari ya watoto 290 wa Uganda aliowapima. Katika wabebaji 43, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 12. Katika wasiokuwa wabebaji 247, walikuwa 113. Yaani katika wabebaji ni kama 28 kwa 100, na katika wengine ni kama 46 kwa 100. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba mbebaji hukingwa sana na malaria kali ile iuayo watoto.

Maana yake ni kwamba kwa miaka elfu nyingi, katika pwani hizi za mikoko na madimbwi, mtoto aliyekuwa na nukta moja alinusurika pale wenzake walipokufa, akakua akaoa, akairithisha. Wengi wetu tuko hai leo kwa sababu babu mmoja wa zamani alikuwa nayo. Ni ngao ya wazee wetu. Walakini ngao mbili zikikutana katika mtoto mmoja, humlemea. Basi yule anayeiita laana amesahau ni nani aliyemlinda babu yake. (Na mtu asikosee hapa akadhani kwamba mgonjwa naye amekingwa. Mbebaji ndiye mwenye kinga. Mgonjwa wa selimundu malaria humdhuru zaidi, na chandarua kwake ni lazima.)

Wala asijitukuze mtu kwa kabila. Nukta hii iko Tanzania, iko Oman, iko mashariki ya Saudi Arabia, iko India, iko Ugiriki. Popote malaria ilipokaa muda mrefu, nayo yaweza kukutwa. Katika Tanzania yakadiriwa kwamba wabebaji ni kati ya 13 na 20 katika kila watu 100, na kwamba watoto kiasi cha 11,000 huzaliwa na maradhi haya kila mwaka. Na sisi tupendao kuoa mtoto wa ami kwa kusema binamu nyama ya hamu, tujue kwamba waliotoka kwa babu mmoja huwa karibu zaidi kuchukua hati moja. Hilo halikuharamishi kilichohalalishwa, bali lazidisha haja ya kupima.

HUKUMU, NA MAJIBU YA WANAOPINGA

Sasa tuirudie mas'ala. Sisi twaona kwamba jambo alilo nalo mtu katika damu bila kutaka kwake si kosa wala si aibu, walakini kujua kwake ni amana. Nukta haikuulizi uliipataje. Ujuzi wako utakuuliza uliufanyia nini.

Mtu aweza kusema: mfanyabiashara akificha tundu la kitambaa katika mkunjo, huo ni udanganyifu, kwa sababu kitambaa kina kasoro, na nyinyi mmesema mbebaji hana kasoro, basi kunyamaza kwake kwawaje udanganyifu? Hoja hii ni nzuri, na jibu lake ni kwamba mtu si kitambaa. Anyamazaye hafichi thamani yake mwenyewe, maana haikupungua. Afichacho ni haki ya watu wawili: haki ya mke, atakayekesha na mtoto na kubebeshwa lawama asiyostahiki, na haki ya mtoto, ambaye hana ulimi wa kuuliza kabla hajaumbwa. Wa kumwulizia ni baba yake. Anayejua akanyamaza amewafanyia khiyana hao wawili.

Wengine husema: yote ni qadari, ya nini kupima? Tuwaulize hao, usiku wafungapo duka Mtaa wa Msimbazi, huacha mlango wazi? Hutia kufuli, na pengine kufuli mbili na mlinzi, wala hatukumsikia hata mmoja akisema kwamba kufuli ni kuikana qadari. Mtu anayelinda marobota kwa chuma na hataki kumlinda mwanawe kwa tone la damu, hoja yake si qadari. Ni uvivu au ni khofu.

Lakini iko hoja ya tatu, nayo ni nzito, kwa sababu imejengwa juu ya huruma. Husema: mkianza kupima, siri zitatoka, na atakayeumia ni binti. Mwanamume mbebaji ataoa tu. Mwanamke mbebaji atatangazwa mtaani, na wachumba watampita. Hatuwezi kusema kwamba khofu hiyo haina msingi, maana twawajua watu wetu.

Jibu letu ni kwamba mwanamume ndiye aanze. Akapime yeye kabla hajapeleka posa. Akikutwa na hati salama mbili, haja ya kumpima binti kwa ajili ya maradhi haya imekwisha, kwa sababu hapana mtoto wao atakayepata hati mbili zilizogeuka. Na siri ya binti, kama anayo, itabaki kwake na kwa Mola wake. Akikutwa ni mbebaji, hapo ndipo amwambie walii wa binti kwa faragha, na binti mwenyewe ajue, naye apimwe kwa hiari yake. Na anayeambiwa naye amefungwa na amana: aliyoyasikia katika posa yasifike barazani hata posa ikivunjika. Mzigo huu tukiuanza upande wetu, wanawake wengi hawataubeba kabisa. Tukiwaachia wao wauanze, tumewadhulumu mara ya pili.

Wa nne husema: je, wakikutwa wote wawili ni wabebaji, nanyi mnawakataza kuoana? Na je, kusema hivyo si kusema kwamba wagonjwa wa selimundu hawakustahiki kuzaliwa? Hapa yatupasa tuseme kwa adabu, kwa sababu wagonjwa hao wako miongoni mwetu: wako wanaouza, wako wanaofundisha, wako watakaokisoma kijitabu hiki. Hao si makosa ya mwandishi. Heshima ya roho haipimwi kwa umbo la himoglobini. Anayejitahidi mtoto wake asizaliwe na maumivu ayachukia maumivu, wala hamchukii mwenye kuumwa. Na asiyeweza kuyapambanua hayo mawili, afadhali asitoe naseha kwa mtu.

Kwa hivyo hatusemi ni haramu. Hata Saudi Arabia, iliyofanya kipimo kabla ya nikahi kuwa lazima tangu mwaka 2004, uamuzi wa kuoana imewaachia wenyewe wawili. Wakiamua kuachana mapema, kabla mapenzi na mahari hayajafungamana, wamefanya jambo la busara wala wasilaumiwe. Na wakiamua kuoana, twasema wameingia kwa macho yaliyo wazi, na macho hayo yana sharti. Wampime mtoto angali mchanga. Wajue gharama na wajiwekee akiba. Na mume asijipe tena ruhusa ya kukimbia. Aliyeingia bila kujua huenda akasema alishtushwa; aliyeingia kwa kujua, talaka yake kwa sababu ya maradhi ya mtoto ni kuvunja ahadi aliyoifunga mwenyewe.

NASEHA

Kwa wale waliokwisha kuoa na wana watoto, mambo hayajapita. Kipimo ni cha damu kidogo, na hospitali zetu hukifanya. Pale Muhimbili, ambayo asili yake ni ile hospitali ya mali ya Sewa Haji, pana kazi maalumu ya kuwaangalia na kuwachunguza wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004. Mtoto akijulikana mapema hupewa dawa ya kumkinga na vijidudu viuavyo watoto hawa kwa ghafula; hupewa vidonge vya foliki asidi vya kusaidia kutengeneza damu; huandaliwa maji ya kutosha, hukingwa na baridi, na hulazwa ndani ya chandarua. Na iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo kwa amri ya tabibu huurudishia mwili sehemu ya ile himoglobini ya tumboni, na maumivu yakapungua sana. Upandikizaji wa uloto nao huweza kuyaondoa maradhi yenyewe, ijapokuwa si kwa kila mgonjwa, na gharama yake ni kubwa. Asiyepata matunzo haya yu katika hatari, na wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Basi homa ya mtoto mwenye selimundu si ya kungojea kesho, wala si ya kuzungushwa kwa waganga. Ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile.

Na nyinyi wazee wa mitaa, na mashekhe mnaofungisha nikahi, neno lenu lina uzito kuliko karatasi yetu. Mkimwuliza kijana swali moja kabla ya khutuba ya nikahi, kwamba amepima, mtakuwa mmezuia machozi mengi bila kumwaibisha mtu. Na mkimsikia mtu barazani akilisema vibaya tumbo la mwanamke aliyefiwa na mtoto, msinyamaze. Mwambieni: kila mtoto ana hati mbili, na moja ilitoka kwa baba yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye walio wagonjwa, awape subira wanaowauguza, na atupe sisi ushujaa wa kujua na uaminifu wa kusema.